Nafuma huku nalia: hii ni tiba au ni kujichokonoa?

*"Habari, mtaalamu. Nina miaka 43. Nimeondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, na sasa niko kwenye dripu za paclitaxel, dawa ya saratani, kila wiki. Nimemaliza saba kati ya kumi na mbili. Muuguzi mmoja alinishauri nianze kazi ya mikono ili 'nieleze safari yangu' na nijenge ustahimilivu. Zamani nilikuwa nafuma vizuri tu, kwa hiyo nikachukua sindano ya kroshia nikaanza kitambaa cha mraba. Kimetoka kimepinda, juu chembamba kuliko chini. Nimekifumua mara mbili na kukianza upya, na mara zote kinapinda vilevile. Hiki cha tatu nilikililia saa nzima, na tangu hapo kila nikishika uzi machozi yananitoka. Dada yangu ananiambia nijikaze, eti hata kitambaa kimenishinda. Je, hii kazi inanisaidia au inanichokonoa? Na kama kazi ya mikono inaonyesha ustahimilivu wa mtu, mbona wangu unaonekana umekwisha?"*

Dada yangu, pole sana. Nitaanza na hicho kitambaa chenyewe, kwa sababu nadhani wewe na dada yako mmekisoma vibaya, na kusoma huko vibaya ndiko kulikozaa ile saa nzima ya machozi.

Kitambaa cha kroshia kikianza kipana na kuishia chembamba, mara nyingi sababu ni moja: kitanzi cha mwisho wa mstari kinarukwa. Kile kitanzi cha pembeni hujificha. Kinalala, kinabanwa na vile vitanzi vya kugeuzia, na mfumaji mzoefu hakitafuti kwa macho. Hukipapasa kwa ncha ya kidole bila hata kujua kwamba anapapasa. Ukianza na vitanzi 40 na kuruka kimoja kila mstari, baada ya mistari kumi umebaki na 30. Ndipo kitambaa kinapokuwa na umbo la sketi, juu kwembamba, chini kwapana.

Sasa tazama dawa unayopewa. Paclitaxel inajulikana kwa kudhuru mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu zaidi, inayofika kwenye vidole vya miguu na vya mikono. Mtu huhisi ganzi, mchomo kama wa sindano, au kama amevaa glavu ambazo hazivuliki. Hukuandika neno ganzi popote katika swali lako. Lakini mtu aliyewahi kufuma vizuri, ambaye sasa anapoteza vitanzi vya pembeni mara tatu mfululizo, mimi humuuliza kwanza kuhusu vidole vyake, kabla ya kumuuliza kuhusu moyo wake. Jaribu hivi: fumba macho, chukua uzi mnene na uzi mwembamba, uusugue kila mmoja kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Unaweza kuzitofautisha? Kufunga vifungo vya blauzi kunachukua muda mrefu kuliko zamani? Vikombe vinakuponyoka?

Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo mawili ya mwisho, au hapana kwa lile la kwanza, waambie wanaokutibu saratani kabla ya dripu ijayo. Wagonjwa wengi hunyamaza kwa kuogopa kupunguziwa dawa. Nakusihi usinyamaze. Kuna njia za kurekebisha dozi au kuisogeza mbele, na uamuzi huo ni wao kuupima pamoja nawe, ila hawawezi kupima wasichokijua. Ganzi iliyoachwa ikomae inaweza kukaa miezi au miaka baada ya dawa kwisha. Kwa hiyo huenda kitambaa chako kimefanya kazi kubwa kuliko ile uliyoikusudia.

Hilo la vidole nimelitanguliza kwa sababu lina haraka. Sasa nije kwenye ustahimilivu.

Dada yako anakuambia ujikaze, na sina shaka anasema kwa upendo na kwa hofu. Lakini wewe ni mfumaji, unajua kinachotokea uzi ukikazwa. Mstari wa kwanza unaonekana nadhifu, umebana, hauna dosari. Shida inakuja kwenye mstari wa pili: vitanzi vimebana kiasi kwamba sindano haipati pa kuingia. Unasukuma, unaumia kidole, uzi unachanika nyuzinyuzi, na kazi inasimama. Kila anayejifunza kufuma hupitia hapo, na kila mwalimu humwambia neno lilelile: legeza mkono. Kitambaa kinachodumu ni kile ambacho kila kitanzi kimeachwa na nafasi ya kutosha kupokea kinachofuata. Katika miaka yangu ya kutoa tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mgonjwa kwa shughuli na kazi za mikono, nimeona wagonjwa wengi waliojikaza mstari wa kwanza wa ugonjwa, watu wakawasifu, halafu mstari wa pili wakakosa pa kuingilia.

Neno lenyewe *kustahimili* ni la ukoo mmoja na *himila*, yaani mzigo, na *hamali*, mtu anayebeba mizigo. Mtazame hamali kazini. Anabeba, anafika mahali, anatua, anapangusa jasho, anabadilisha bega, anajitwisha tena. Hakuna anayesema hamali aliyetua mzigo ameshindwa. Atakayeshindwa ni yule anayekataa kuutua. Ukilichukua neno kwa maana hiyo, kitambaa chako kinasema nini? Kinasema kwamba mwanamke aliye katikati ya dripu, aliyepasuliwa kwapa, pengine asiyehisi ncha za vidole vyake, alianza mara tatu. Wewe umeihesabu mara tatu kama kushindwa mara tatu. Mimi naihesabu kama kujitwisha mara tatu.

Hata hivyo sitaki ukisome kitambaa kama cheti cha daktari wa nafsi. Kazi ya mikono haipimi ustahimilivu. Siku ukiwa na homa utafuma vibaya, siku ukilala vizuri utafuma vizuri, basi. Inachofanya ni kukupa mahali padogo pa kujitazama unavyobeba: unaharakisha wapi, unakata tamaa wapi, unajisemesha maneno gani ukikosea. Na hapo ndipo penye kazi halisi. Nadhani muuguzi wako alitaka kusema hilo aliposema "eleza safari yako", ila msemo huo unawachanganya wengi. Wanadhani wanatakiwa kutengeneza picha ya ugonjwa wao, tena iwe nzuri, tena imalizike kwa ushindi. Hutakiwi.

Na kuna dhana nyingine ambayo hukuitaja lakini naisikia kila wiki, kwamba ukiwa na moyo wa furaha na mikono yenye shughuli saratani itarudi nyuma. Hapana. Hakuna kitambaa kinachopunguza uvimbe. Naliweka wazi kwa sababu anayeamini hivyo huishia kujilaumu dawa zisipofanya kazi, na huo ni mzigo wa uongo juu ya mzigo wa kweli.

Basi inasaidia nini, na kwa njia gani? Ubongo umetenga eneo kubwa ajabu kwa ajili ya mikono na vidole, kubwa kuliko lile la mgongo mzima. Mikono ikifanya kitu kinachohitaji umakini wa wastani, kinachojirudia kwa mwendo wa taratibu, sehemu kubwa ya uangalifu wako inashikwa pale. Yale mawazo yanayozunguka usiku, "je, ikirudi, je, watoto, je, majibu", nayo yanahitaji uangalifu huohuo ili yazunguke. Hayafutiki, ila yanapunguziwa nafasi. Maumivu nayo yako hivyo kwa kiasi fulani: yanakuwa makali zaidi yakipewa uangalifu wote.

Pili, ugonjwa humnyang'anya mtu maamuzi. Tarehe ya dripu si yako, mshipa utakaochomwa si wako kuchagua, nywele zilianguka bila kukuuliza. Kuchagua uzi wa rangi hii badala ya ile ni uamuzi mdogo sana, lakini ni wako, na matokeo yake unayaona kwa macho jioni ileile. Wanaotibu huzuni nzito wamejua kwa miaka mingi kwamba hamu mara nyingi huja baada ya tendo. Anayengoja hamu ndipo aanze, husubiri sana.

Tatu ni hili la machozi. Mikono ikitulia katika mwendo wake na macho yakiwa chini, hakuna anayekutazama na hakuna unayemtazama, ulinzi hulegea. Kilichobanwa tangu siku ya majibu hupata mlango. Ndiyo maana watu husimulia mambo mazito wakiwa wanafanya kazi bega kwa bega, mambo ambayo hawangeyasema wakiketishwa uso kwa uso na kuulizwa, "Unajisikiaje?" Kulia juu ya uzi kwa hiyo si dalili kwamba kazi inakudhuru. Lakini pia sisemi kila chozi ni tiba. Angalia linaishaje. Chozi linalopanda, likafika kilele, likashuka, ukabaki umechoka lakini mwepesi, ukaweza kunywa maji na kuzungumza mambo mengine, hilo liache litoke. Lile ambalo halishuki, linalokurudisha mezani pa upasuaji kana kwamba ni sasa, mwili unatetemeka, moyo unakwenda mbio, usiku hulali, na kesho unaanza kuuogopa hata mfuko wa nyuzi, hilo linakuambia umefika mahali usipopaswa kuingia peke yako. Saa moja uliyolia haiwezi peke yake kunionyesha uko upande upi. Unajua wewe ulivyokuwa baada ya ile saa.

Ushahidi wa kitafiti upo, na nitakupa kwa kipimo chake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, wakiongozwa na Girija Kaimal, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kutengeneza chochote wapendacho kwa udongo, karatasi au rangi. Walipima kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, kabla na baada. Kwa takriban robo tatu yao ilishuka, na aliyekuwa na uzoefu wa sanaa hakufaidika kuliko asiye nao. Hilo la mwisho nalipenda kukumbushia, kwa sababu uzuri wa kitambaa haukuwa sehemu ya hesabu. Ila hawakuwa wagonjwa, na kwa robo iliyobaki haikushuka. Tafiti nyingi kuhusu wagonjwa ni ndogo na za muda mfupi. Zinaelekea kuonyesha nafuu ya wasiwasi na hali ya moyo. Mimi hupendekeza kazi ya mikono kwa ujasiri, ila kama msaada kando ya matibabu na kando ya watu wa kuongea nao.

Taaluma yangu yenyewe ilizaliwa hivi. George Barton, msanifu majengo wa Marekani, aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alijirudisha kwenye uhai kwa vifaa vya useremala na kwa bustani, na mwaka 1914 akafungua nyumba huko Clifton Springs, New York, ya kuwasaidia wengine kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1917, katika nyumba hiyo, yeye na wenzake wachache, akiwemo mwalimu wa kazi za mikono Susan Cox Johnson, wakaanzisha chama cha kwanza cha taaluma hii nchini humo. Ninachokipenda kwa Barton ni kwamba hakurudi kwenye alichokuwa. Alianza na kile ambacho mwili uliobaki uliweza. Hata mchoraji Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo mwaka 1941, hakuweza tena kusimama muda mrefu mbele ya turubai. Akachukua mkasi, akakata karatasi zilizopakwa rangi akiwa kitandani au kitini, na kazi hizo leo zinahesabiwa miongoni mwa bora zake. Usilinganishe kitambaa chako na vya Matisse. Linganisha uamuzi wake wa kubadilisha kifaa na hatua unayohitaji kuichukua sasa.

Ufanye kazi gani basi? Kuna njia ya kutengeneza kitu kisichohusu ugonjwa hata kidogo: kofia ya mtoto wa jirani, kitambaa cha kuwekea sufuria. Wengine huiona kama kukimbia. Mimi naiona kama kutua mzigo, na kwa wiki hizi tano zilizobaki za dripu ndiyo ninayokushauri. Ya pili ni kitambaa cha kumbukumbu: unaamua rangi tatu au nne na maana zake, kisha kila siku unafuma mstari mmoja, na siku usiyoweza unaacha mstari wa vitanzi vitupu. Baada ya miezi miwili unaona kwa macho kwamba siku mbaya zilikuwa nyingi na hazikuwa zote. Ina hatari yake. Kuna wanaogeuka makarani wa mateso yao, na ukijiona unasubiri siku iharibike ili ufume rangi nyeusi, acha.

Ya tatu ndiyo inayochimba hasa. Mwaka 2002, huko Khayelitsha, Cape Town, wanawake waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walichora miili yao kwa ukubwa wake halisi: mtu analala juu ya karatasi, mwenzake anafuata umbo lake kwa kalamu, kisha anajaza mwenyewe makovu, virusi, dawa, na sehemu anazohisi nguvu zake zinakaa. Njia hiyo, ramani ya mwili, imesambaa mbali tangu hapo. Kwa mtu aliyeondolewa titi ni kazi nzito na inaweza kuwa nzuri sana, lakini wale wanawake waliifanya kwa kikundi na wakiwa na msimamizi. Usiifanye peke yako chumbani usiku. Ukiitaka, itafute pamoja na mshauri nasaha au mtaalamu wa tiba kwa sanaa, tena baada ya dripu kwisha.

Kuhusu mwili: mkono wa upande uliotolewa tezi unaweza kuvimba, kwa hiyo fuma dakika 15 au 20, weka chini, nyoosha bega na kiganja, pumzika. Kutembeza mkono ni vizuri. Kuukalisha katika mkao mmoja kwa saa mbili ndiko kusikofaa. Tumia sindano ya kroshia yenye mpini mnene, au uzungushie kitambaa mpini huo hadi ujae kiganjani, na uzi mnene wa rangi nyepesi ili macho yafanye kazi ambayo vidole vimeiacha. Wiki hizi kaa mbali na sindano kali za kudarizi, au vaa kastabini kidoleni, kwa sababu dripu hushusha chembe nyeupe za damu na kidole kisicho na hisia hakikuambii kimechomwa. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, mkono kuvimba ghafla, kuwa mwekundu au wa moto: hayo hayasubiri kliniki ya wiki ijayo, piga simu au nenda siku hiyohiyo.

Na ya moyo nayo yana mipaka yake. Ukiwa na huzuni karibu kila siku kwa wiki mbili, au hakuna kinachokupa raha hata kile ulichokipenda, au huli, hulali, au yale machozi ni ya aina ile isiyoshuka, mwambie daktari wako kwa maneno hayohayo uliyoniandikia. Huzuni ya namna hiyo ni ya kawaida kwa wenye saratani na inatibika. Likikujia wazo la kutotaka kuishi, usilifumie wala usilisalie peke yako. Mwambie mtu aliye karibu saa hiyohiyo na mwende hospitali.

Hicho kitambaa cha tatu usikifumue. Kipeleke kliniki, umwonyeshe daktari pembeni palipopungua huku ukimweleza vidole vyako. Halafu anza kingine cha vitanzi 12 tu. Weka kipande cha uzi wa rangi tofauti kwenye kitanzi cha kwanza na cha mwisho, ukihamishe juu kila mstari, na kabla ya kugeuza kitambaa hesabu kwa macho: 12. Zikiwa 11 unajua kilipo kilichopotea, unarudi hatua moja.

Dada yako mwombe ashike fungu la uzi kwa mikono yake miwili wakati wewe unalikunja kuwa donge. Kazi hiyo haihitaji vidole vyenye hisia, na haimlazimu yeyote kati yenu kusema neno.